Samaki Si Kuku

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Na nyie vijana mliosimama kule mlangoni kana kwamba viti hivi vinalipiwa, hamjambo?

Ndugu zangu wa Bukavu, Uvira na Kalemie mtanivumilia Kiswahili changu cha Tanga. Chenu nimeshakizoea. Nilipofika hapa Lexington, Kentucky, huku Marekani, nilikuwa naingia duka la mama mmoja wa Uvira naulizia dagaa, ananitazama tu, mpaka siku niliposema ndagala ndipo mfuko ukatoka chini ya meza.

Mwenyekiti kanipa dakika ishirini nizungumzie jengo, ule mkahawa wa samaki uliofungwa. Wengi mnalijua, mnalipita mkienda kazini. Paa la buluu lililochongoka, juu yake kibanda kidogo kama cha njiwa, na mlangoni nguzo za mbao zilizozungushiwa kamba nene, utadhani gati la Pangani. Ndani ni vumbi. Vijana watatu wa hapa wanataka kulipanga wauze samaki wa kukaanga. Walinifuata mimi kwa sababu nilikaanga samaki kwa mshahara miaka sita. Wakaniuliza: "Mama, kama samaki ni watamu hivi, waliokuwemo humo walishindwaje?"

Siku ile niliwajibu ovyo. Nilisema Wazungu hawapendi samaki, basi, nikaendelea na pilau langu. Usiku nikalala vibaya. Najua si kweli. Niliwaona kwa macho yangu wamepanga foleni hadi barabarani, Ijumaa baada ya Ijumaa. Kwa hiyo leo nimekuja kulirudia jibu, na nitawarudisha nyuma kidogo, maana habari yenyewe ilizaliwa hapa hapa mjini.

Mwaka 1969, Jim Patterson alifungua hapa Lexington mkahawa wa Long John Silver's, chini ya kampuni ya Jerrico. Jina ni la haramia wa kwenye riwaya ya zamani ya Kiingereza, mguu mmoja na kasuku begani. Mwaka huo huo, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka hapa, Columbus, Ohio, wengine wakafungua Arthur Treacher's, jina la mwigizaji wa Kiingereza aliyezoeleka kuigiza mtumishi wa nyumba za kitajiri. Mwaka huo huo tena, kitongoji cha Nashville, Ray Danner akaanzisha mkahawa ambao leo unaitwa Captain D's. Na kule mbali Bellevue, jimbo la Washington, ikaanza Skipper's. Majina manne, mwaka mmoja! Na mwaka huo huo H. Salt, mkahawa wa chipsi na samaki ulioanzishwa California na Mwingereza Haddon Salt, ulinunuliwa na kampuni ya kuku wa Kentucky, hii KFC.

Hapo kwenye kuku ndipo penye siri. Kentucky yote wakati ule ilikuwa imelewa harufu ya kuku. Sanders, yule mzee wa ndevu nyeupe, alianzia Corbin, kusini tu ya hapa. Mwaka 1964 aliiuza kampuni yake kwa dola milioni 2 kwa kundi lililoongozwa na John Y. Brown, mzaliwa wa Lexington, ambaye baadaye akawa gavana wa jimbo hili. Miaka michache tu, majirani wakaona watu wa kawaida wamekuwa matajiri kwa kukodi jina la mtu. Unakodi jina, unapewa mapishi, unapewa ramani ya jengo, unapewa hata rangi ya paa, halafu kila mwezi unapeleka asilimia ya mauzo kwa mwenye jina. Kila mwenye vijisenti akajiuliza: kama kuku kafanya hivi, samaki je?

Na wakati ule hesabu ilikubali. Samaki wa Atlantiki ya Kaskazini alikuwa rahisi. Alivuliwa kwa meli kubwa, akapasuliwa na kugandishwa, akafika Kentucky, mahali pasipo na bahari hata ya kuchovya kidole, amekatwa vipande vinavyolingana kama sabuni za mche. Mpishi hahitaji kumjua samaki. Anahitaji kujua saa.

Niliwahi kwenda kama mteja kwenye mojawapo ya ile mikahawa ya paa la buluu, ya Long John Silver's, wiki ya pili tangu nitue Marekani. Mlangoni palitundikwa kengele. Ukiridhika na chakula, unapotoka unaigonga, na wafanyakazi wote wanakujibu kwa sauti jikoni. Niliigonga mara tatu. Mume wangu akaniambia mara moja inatosha.

Sasa, samaki mwenyewe. Huyo aliyejenga biashara hii, kwa Kiingereza jina lake, cod, ukilitamka kwa ulimi wetu linatoka "kodi". Ndiyo, kodi, kama ya nyumba. Mcheke tu, lakini mkikumbuka hilo mtakuwa mmeelewa nusu ya hotuba yangu, kwa sababu huyo samaki alikuja kuwadai wenye mikahawa kama mwenye nyumba anavyodai.

Aisilandi ni kisiwa chenye watu wachache, hata leo hawafiki nusu milioni, na wakati huo maisha yao yote yalikuwa ni kodi. Waingereza walikuwa wakija na meli zao kuvua mlangoni kwao. Mwaka 1958 Aisilandi ikasema: maili 12 kutoka pwani ni zetu. Mwaka 1972 ikasema maili 50. Mwaka 1975 ikasema maili 200. Kila mara Uingereza ilikataa, ikaleta manowari. Waaisilandi hawakuwa na jeshi la maana. Walikuwa na boti za doria na kifaa kimoja kama mkasi wa chuma, kinakokotwa majini nyuma ya boti na kukata kamba za nyavu za Waingereza. Wavu mzima unazama na samaki wake. Meli zikawa zinagongana baharini makusudi, mataifa mawili ya muungano mmoja wa kijeshi, kisa samaki. Mwaka 1976 Uingereza ikanyanyua mikono.

Nawasimulia haya kwa sababu mtu aliyekodi jina la Arthur Treacher's pale Ohio hakujua kama Aisilandi iko wapi. Yeye alikuwa na bango la bei dirishani. Kampuni ilikuwa imefika karibu mikahawa 800 kwenye miaka hiyo ya 70, yote ikiuza kodi, yote ikijisifu kwa kodi. Bei ya kodi ikapanda. Bango la dirishani linasema vilevile. Unafanya nini? Mwaka 1979 kampuni ikanunuliwa na Mrs. Paul's, watengenezaji wa samaki wa kugandishwa wa madukani, nao wakaja na dawa: tumuondoe kodi, tuweke poloki. Poloki ni binamu yake wa bei nafuu, nyama yake laini kidogo na haina ule utamu. Waliokodi jina wakakasirika. Wakasema sisi tulikodi jina la samaki fulani, mnatuletea mwingine. Wengi wakaacha kulipa asilimia yao, wakaenda mahakamani, na mwanzoni mwa miaka ya 80 kampuni ikafilisika. Jina lipo bado. Yaliyosalia ni machache ya kuhesabu kwa vidole.

Kuku hana historia ya namna hii. Ukitaka kuku milioni moja zaidi, unaongeza mabanda, unaangua mayai, na baada ya wiki sita au saba wako tayari. Hakuna nchi itakayoleta boti ya kukata kamba za banda lako. Samaki wa porini akipungua, hata umlilie, anahitaji miaka kukua. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada ilifunga uvuvi wa kodi pwani ya Newfoundland, mahali palipovuliwa kwa karne tano, kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha. Watu kama 30,000 walikosa kazi. Walisema ni kwa miaka miwili. Marufuku hiyo ilikaa zaidi ya miaka thelathini.

Ngoja niingie jikoni sasa, maana hapo ndipo ninapopajua bila kusoma.

Mkahawa niliofanyia kazi siutaji, na haukuwa hapa Lexington. Shifti yangu ilianza saa tatu asubuhi kwa kukoroga rojo. Unga mkavu unatoka kwenye gunia, unatia maji ya barafu. Yasipokuwa ya barafu rojo linalegea, linateleza kwenye samaki kama nguo ya kuazima. Unachukua kipande, unakichovya, unakiacha kidondoke. Halafu hukitupi. Unakishika kwa ncha, unakigusisha mafuta, unakiburuza juu juu kwenda na kurudi, kama unaosha kitambaa mtoni, mpaka rojo lishike na kianze kuelea, ndipo unakiachia. Ukikiacha mapema kinazama, kinaganda kwenye chuma, na ukikibandua koti linabaki huko. Nimeungua hapa, na hapa. Bibi yangu angecheka. Yeye kwenye karai alitia mkono kama anaokota sindano.

Kinachoua biashara hii hakionekani na mteja. Ni mafuta. Kipande cha samaki kina maji mengi, na yakiingia kwenye mafuta ya moto yanayavunja. Chembe za rojo zinadondoka, zinaungua chini, zinayatia weusi. Na harufu ya samaki ikishaingia haitoki, kwa hiyo mafuta hayo huwezi kuyatumia kwa kingine. Jumatatu tunamimina mafuta mapya, yanang'aa kama asali. Jumatano yana rangi ya chai ya rangi. Meneja anakuja, anaangalia, anasema: "Yachujeni tu." Alhamisi yana rangi ya kahawa. "Yachujeni tu." Mzee mmoja, mteja wa miaka, alirudisha sahani yake kaunta hajagusa zaidi ya mara moja. Hakugomba. Alisema, "Binti, hii inanukia wiki iliyopita." Sikumwona tena.

Simlaumu meneja peke yake. Na yeye alikuwa na bosi, na bosi wake alikuwa na karatasi ya hesabu. Mwaka wangu wa tatu maboksi yalikuja na vipande vidogo zaidi. Bei ya bango haikupanda, ilikuwa marufuku kupanda, ndiyo ahadi ya mikahawa hii nchi nzima. Tukaambiwa rojo liwe zito kidogo. Mwaka wa nne, zito zaidi. Kwenye sahani ukubwa ulikuwa ule ule, lakini ukivunja ndani unakuta samaki kajikunyata katikati ya unga kama mtoto ndani ya koti la baba yake. Wateja walikuwa wanalipia unga na mafuta. Nao si wajinga, ulimi hauhitaji shule.

Kilichotushikilia ni Kwaresima. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka, kila Ijumaa Wakatoliki hawali nyama, na foleni ya magari dirishani ilizunguka jengo ikakutana na mkia wake. Tulikuwa tunauza wiki hizo sita tukiombea zitulishe miezi mingine kumi na nusu. Mwaka 2023 Kwaresima iligongana na Ramadhani. Mimi nimefunga, midomo imekauka, nawakaangia waliofunga, na msichana wa dirishani ambaye hakuwa na dini yoyote anatuuliza sote tumekosa nini. Ijumaa ya kwanza baada ya Pasaka nilihesabu magari. Saa nzima ya chakula cha mchana, magari tisa.

Hiyo Ijumaa nayo ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine zamani sana, hata kabla hii mikahawa haijazaliwa. Mwaka 1962, Cincinnati, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa, kulikuwa na bwana anaitwa Lou Groen mwenye mkahawa wa baga wa McDonald's katika mtaa wa Wakatoliki. Ijumaa zilikuwa zinamuua, mauzo ya siku nzima yanashuka hadi dola 75. Akabuni mkate wenye samaki. Mkubwa wa kampuni, Ray Kroc, hakuutaka. Yeye alikuwa na wazo lake la kuweka kipande cha nanasi na jibini katikati ya mkate. Nanasi, jamani. Wakashindanisha siku ya Ijumaa Kuu. Samaki wa Groen 350, nanasi la Kroc 6. Tangu hapo mtu anayetaka samaki siku ya Ijumaa, huku watoto wake wanataka kuku na mkewe anataka soda na chipsi tu, haendi kwenye mkahawa wa samaki. Anakwenda mahali pamoja, wote wanapata. Mwenye kuuza vitu kumi anaweza kuuza samaki mmoja kwa hasara ndogo. Mwenye kuuza samaki tu hana pa kuegemea.

Mambo ya fedha za Long John Silver's nitayapita haraka kwa sababu yananiumiza kichwa. Mwaka 1989 kampuni mama ilinunuliwa kwa mkopo mkubwa, yaani deni likawekwa mgongoni mwa kampuni yenyewe. Mwaka 1998 ikafilisika. Ikaunganishwa na A&W, mikahawa ya baga, na mwaka 2002 wote wakaingia mikononi mwa wenye KFC, kampuni ya Yum, pale Louisville. Ndipo ikaja mitindo ya kuweka mabango mawili kwenye jengo moja, samaki na kuku, samaki na taco za Kimeksiko, na samaki akawa mpangaji kwenye nyumba yake. Mwaka 2011 Yum wakaiuza kwa kundi la waliokuwa wamekodi jina. Mwaka 2013 shirika moja la kutetea walaji lilipima sahani yao iitwayo Big Catch, likakuta gramu 33 za yale mafuta mabaya yaliyogandishwa kiwandani, likaitangaza kuwa mlo mbaya kuliko yote katika mikahawa ya Marekani. Baadaye walibadilisha mafuta. Lakini mafuta yale mabaya ndiyo yaliyokuwa yakidumu kwenye mashine. Haya mazuri yanachoka upesi, na nimeshawaambia habari ya rangi ya kahawa. Wakati Yum inaichukua ilikuwa na mikahawa zaidi ya 1,000. Leo imebaki karibu nusu ya hapo. Na mwaka 2025 ilitoa nembo mpya. Aliyechorwa humo ni kuku.

Najua kuna atakayesema: mbona Captain D's wapo? Wapo, na wana mikahawa zaidi ya 500. Nimekwenda, nimekula, nimeangalia sahani za watu. Kwanza wapo Kusini, ambako samaki wa kukaanga ni chakula cha nyumbani na si sherehe ya Ijumaa. Pili, wameweka samaki wa kuchoma kwa anayekimbia mafuta. Tatu, wana kambale. Kambale, ndugu zangu! Mississippi wanamfuga kwenye mabwawa, wanamlisha soya na mahindi, wanamvua siku wanayotaka. Huyo ndiye samaki aliyekubali kuwa kuku. Kwa hiyo jina la hotuba yangu lina tundu, na nimelitoboa mwenyewe kabla hamjanitobolea.

Waingereza nao, walimu wa mambo haya, wana kilio chao. Kati ya vita viwili vya dunia walikuwa na maduka ya samaki na chipsi kama 35,000. Sasa ni kama 10,000. Wao walidumu muda mrefu kwa kuwa kila duka ni la mtu na mkewe, si la jina la kukodi. Lakini mwaka 2022 vita vya Ukraine viliwapiga kila upande: mafuta ya alizeti yalitoka Ukraine, sehemu kubwa ya samaki mweupe alitoka Urusi, na bei ya umeme na gesi ikapaa.

Ila msiseme watu wameacha samaki. Mmarekani anakula samaki na viumbe vya baharini kama kilo 9 kwa mwaka. Kuku ni kama kilo 45. Pengo ni kubwa, lakini kilo 9 kwa watu zaidi ya milioni 300 si haba. Tatizo ni kwamba anayeongoza ni kamba, anayefuata ni samoni, kisha jodari wa kopo. Samaki wa rojo yuko nyuma yao. Na hata kamba si kinga: Red Lobster, ambao si wa haraka, pale unakaa mezani na kuhudumiwa, mwaka 2023 waliamua kuuza kamba wa kula mpaka uchoke kwa dola 20, kila siku. Watu hawakuchoka. Kulikuwa na mengine pia, majengo yao yalishauzwa mwaka 2014 wakawa wanalipa pango mahali walipokuwa wenye nyumba. Mei 2024 wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaowadai. Sasa anayewaongoza ni kijana mzaliwa wa Nigeria, Damola Adamolekun, na alipoingia alisema hataurudisha ule ulafi.

Bibi yangu alikuwa anakaanga Tanga, anachukua mzigo alfajiri pale Deep Sea, boti za wavuvi zinapotua. Hakuwahi kuwa na bango la bei. Siku bahari ikiwa nzuri, kibua mkubwa, bei ya kawaida. Siku ya kusi kali, boti hazijatoka, anakaanga vidogo, au anakaanga mihogo tu, anawaambia wateja "leo bahari imekasirika," na wateja wanaelewa kwa sababu upepo wameusikia usiku. Changu akipatikana anawekewa mwalimu mkuu na shehe, wengine mtajua wenyewe. Kichwa hakitupwi, kinaingia kwenye supu. Yule bosi wa karatasi pale kazini kwangu alikuwa ananunua minofu tu. Sato mmoja, ukimtoa minofu, unabaki na theluthi ya uzito wake. Theluthi mbili umeilipia ukaiacha kiwandani. Bibi alikuwa anauza samaki mzima na mwiba wake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mbona samaki wa leo si sawa na wa jana.

Mikahawa ile iliahidi kipande kile kile, bei ile ile, kutoka Ohio mpaka Washington, kila siku ya mwaka. Kuku anaweza kuitimiza ahadi hiyo. Wao walipewa bahari, wakaiandikia mkataba wa kuku.

Sasa nyie watatu. Simameni watu wawaone. Mmeniuliza kuhusu jengo, na juzi Jumanne nilikwenda kulitazama na dalali. Paa linavuja upande wa choo. Bomba kubwa la kuvuta moshi jikoni bado lipo, na hilo peke yake likiwa zima limewaokoa maelfu ya dola. Mtego wa mafuta chini ya sinki umejaa na umeganda. Msisaini chochote mpaka mwenye jengo aukamue kwa gharama zake. Mashine za kukaangia wameziacha nne. Mbili hazifai.

Msirudishe rojo. Kambale na sato wazima, wa kufugwa, wakatwe mikato mitatu ubavuni, chumvi, ndimu, kitunguu saumu. Ugali pembeni, fufu kwa wanaotaka, pilipili ya kuponda. Ijumaa za Kwaresima fungueni mapema, parokia za hapa nazo zinakaanga samaki na wao wana watu wa kujitolea, hamtawashinda kwa bei. Washindeni kwa pilipili. Siku nyingine mkileta makayabo, wale samaki wa chumvi, au ndagala, mwandike kwa mkono kwenye ubao, na chini mwandike bei ya siku hiyo, kwa chaki. Chaki, sio rangi. Mafuta nitakuja kuyaangalia mwenyewe kila Jumatano mwezi wa kwanza, bila kulipwa, na nikikuta rangi ya chai nayamwaga.

Kengele ya mlangoni imeng'olewa, ila tundu za misumari zipo. Mwenyekiti ananionyesha saa. Kwenye zile sufuria mbili pale nyuma kuna sato arobaini niliowakaanga saa kumi alasiri, nimeleta kwa ajili ya kuonja na si kushiba, kwa hiyo wazee wapite kwanza, na wewe kijana wa mlangoni ambaye hukukaa tangu mwanzo, ndiye utakayegawa. Haya, maswali.